Asubuhi ya Main Street, Jinja: jinsi ya kuutembelea mtaa wa zamani pamoja na Mzee na watoto

Swali: Asalaam aleikum. Sisi tunakaa Bombo. Likizo hii tunataka kwenda Jinja siku moja, mimi na mume wangu, watoto watatu (miaka 13, 9 na 4) na baba mkwe wangu ambaye amepita miaka 80. Ujanani alifanya kazi kiwanda cha nguo cha Nytil na alikuwa akikaa Walukuba. Ana hamu ya kuiona tena Main Street. Mume wangu anasema pale ni maduka ya zamani tu, bora twende moja kwa moja mtoni. Je, mtaa ule una nini kwa familia? Mzee hawezi kutembea mbali. Na watoto wakiuliza habari za Wahindi waliofukuzwa, tuwaambie nini?

Waaleikumu salamu, dada yangu.

Nendeni. Tena asubuhi yote ipeni Main Street, mto usubiri alasiri. Mumeo amesema kweli kwamba pale ni maduka ya zamani. Ni maduka hasa, na hadi leo watu wanauza ndani yake vitenge, simu, dawa, vipuri vya baiskeli na kila kitu. Hakuna lango wala tiketi, na hakuna mtu wa kuwaambia simameni hapa, tazameni pale. Ndiyo maana wengi hupita na gari wakafika mwisho wa barabara wakasema hawakuona kitu. Mtaa ule unataka mtu atembee polepole, ainue macho juu ya mabango, na awe na wa kumsimulia. Wa kusimulia ninyi mnaye nyumbani.

Nianze na safari na matembezi yenyewe, halafu nije kwenye swali lako la Wahindi, kwa sababu hilo ni zito na linastahili nafasi.

Kutoka Bombo hadi Kampala ni kama kilomita 35, na Kampala hadi Jinja ni kama 80. Mkitoka saa kumi na mbili asubuhi mtaiwahi Kampala kabla foleni haijakaza, mtakatiza msitu wa Mabira, na pale Najjembe watoto watawaona wauzaji wakikimbilia madirisha ya magari na mishikaki ya kuku na gonja, zile ndizi tamu za kuchoma. Nunueni gonja, kuku mwacheni hadi wakati wa kurudi. Jitahidini muwe Main Street saa tatu hivi. Si kwa sababu ya joto peke yake. Maandishi na mapambo ya majengo yale yamefinyangwa kwa lipu na yametokeza ukutani kidogo tu, pengine unene wa kidole. Jua la asubuhi linapopiga kwa ubavu, kila herufi huangusha kivuli chake na unaisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Ukuta usiopigwa na mwanga wa ubavu unaonekana bapa, na jina ambalo limepakwa rangi tabaka juu ya tabaka huwa gumu kusomeka. Chagueni Jumamosi, maana mtahitaji kuingia ndani ya maduka. Jumapili mengi hufungwa, mkaishia kutazama milango.

Kabla hamjaanza kutembea, waelezeni watoto kwa nini mtaa uko pale. Jinja ilikuwa bandari. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka huko mizigo na watu walivuka ziwa kwa meli kuja upande wetu. Mwanzoni mwa karne hiyohiyo wakoloni walihamisha makao yao ya Busoga kutoka Iganga kuyaleta Jinja, kando ya maji. Kisha pamba ikaanza kulimwa, na mwaka 1912 ikafunguliwa reli fupi ya Busoga kutoka Jinja hadi Namasagali, ili pamba ya ndani ifike ziwani na kusafirishwa. Mkulima aliyeuza pamba ana pesa taslimu mkononi, naye anataka shuka, chumvi, jembe na mafuta ya taa. Mwenye duka akajenga pale ambapo mkulima huyo atapita.

Wengi wa wenye maduka walikuwa Wahindi, na hilo lilikuwa na sababu zake. Sheria za kikoloni zilimfanyia ugumu asiye Mwafrika kununua ardhi ya vijijini, basi aliyekuja kutoka Gujarat au Kutch, huko India, alijikuta mjini, kwenye kiwanja kidogo cha biashara. Alidina Visram ndiye anayetajwa zaidi: alifika pwani akiwa mvulana, na hadi anafariki mwaka 1916 maduka yake yalikuwa yametapakaa kutoka pwani hadi Uganda. Jinja ina barabara yenye jina lake. Muljibhai Madhvani alifika Uganda mwaka 1908, naye pia kijana mdogo, akaanzia kazi ya duka huku Busoga, na mwaka 1930 kiwanda chake cha sukari kikaanza kazi Kakira, mwendo mfupi kutoka mjini.

Reli kuu ilifika Jinja mwaka 1928, na daraja la Nile lilipokamilika treni zikafika Kampala mwaka 1931. Mwaka 1954 likafunguliwa bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, na umeme wake ukaleta viwanda. Shaba ya Kilembe iliyeyushwa Jinja. Nguo zilifumwa Njeru, ng'ambo ya mto. Ni umeme huo uliomleta baba mkwe wako.

Kwa hiyo majengo mtakayoyaona yametokana na awamu mbili, ya pamba na ya umeme, na mtoto wako wa miaka 13 anaweza kuyatofautisha baada ya kuonyeshwa mawili matatu. Yale ya pamba yana paa la mabati lililofichwa nyuma ya ukuta wa mbele uliopandishwa juu, nguzo barazani, matao na maua ya lipu, na katikati ya ukuta ule wa juu mara nyingi mtakuta mwaka, na pengine jina la mwenye nyumba. Yale ya karibu na wakati wa bwawa yana mistari ya mlalo iliyonyooka, pembe zilizoviringwa, vibao vya zege vilivyotokeza juu ya madirisha kuzuia jua, na ukuta wa matofali ya matundu palipo na ngazi ili hewa ipite. Wasanifu huuita mtindo huo Art Deco, na Jinja inao mwingi kuliko wageni wanavyotarajia. Kazi nzuri ya kumpa mkubwa ni kuutafuta mwaka wa zamani kuliko yote mtaani. Wa miaka 9 mpeni karatasi na penseli, achague ukuta mmoja tu autie kwenye mchoro. Akichora dirisha ataona mambo ambayo sisi watu wazima tunayapita.

Sasa Mzee. Main Street ni ndefu, na jua la huku halina huruma kwa mtu wa umri wake. Msijaribu kuumaliza mtaa. Chagueni kipande kimoja, tuseme kutoka njia panda moja hadi ya tatu, mwende nacho upande mmoja na kurudi nacho upande wa pili. Ukitaka kuona vizuri sehemu ya juu ya jengo lazima usimame ng'ambo yake, kwa hiyo mwendo huo wa kwenda na kurudi ndio unaowapa majengo ya pande zote mbili. Njiani mtakuwa chini ya vibaraza muda mwingi, na kivuli kipo. Lakini tahadhari: kila mwenye duka alijenga baraza lake kwa kimo chake. Unatembea hatua kumi sawasawa, ghafla kuna kipandio, hatua kumi tena, unashuka. Wengine wameweka jenereta au mzigo katikati. Mtu mmoja awe na Mzee wakati wote, na fimbo yake aje nayo hata kama hapendi. Akichoka, ombeni kiti. Jinja kiti cha plastiki hakikosekani, na sijaona mwenye duka akimnyima mzee kiti. Nunueni soda yake, mkae. Kukaa kwenyewe ni sehemu ya matembezi, pengine ndiyo bora zaidi, kwa sababu baraza lilijengwa likaliwe.

Hapo mlipokaa, ingieni mtazame duka moja kwa makini badala ya kupitia kumi. Salimieni, nunueni kitu hata kama ni kidogo, kisha mwombe mwenyewe awaruhusu kutazama. Anzeni na kizingiti. Katika nyumba za zamani kimelika katikati, pande mbili zikabaki zimeinuka, maana kila mguu umepita palepale. Mlango ni wa mbao za kukunjwa: ukifunguliwa wote, upande mzima wa mbele wa duka unakuwa wazi, na mteja aliye barazani anaona hadi rafu ya mwisho. Sakafu mara nyingine ni ya terazo, vile vipande vidogo vya mawe vilivyomwagwa na saruji kisha kusuguliwa hadi vikang'aa. Kiwanja ni chembamba upande wa barabara na kirefu kwenda nyuma, kwa sababu upande wa barabara ndio wenye biashara na kila mtu alitaka sehemu yake. Nyuma ya duka kuna stoo, nyuma ya stoo kuna uani, na uani ndiko kulikokuwa na jiko, mahali pa kufulia na pa watoto kucheza. Kama kuna ghorofa, familia ililala juu ya mali yake. Mkiruhusiwa kufika uani, mwacheni yule wa miaka minne atembee kidogo; mpaka hapo atakuwa amechoka kushikwa mkono.

Kuna jambo moja la barazani ambalo nataka mumuulize Mzee kabla ya mengine yote: mafundi cherehani. Kitambaa kilinunuliwa ndani kwa Mhindi, kikashonwa nje barazani na fundi Mwafrika aliyeweka cherehani yake pale kwa makubaliano na mwenye duka. Mteja alipimwa amesimama palepale, watu wakipita. Kijana wa kiwandani aliyepata mshahara wa mwisho wa mwezi, suruali yake ya kwanza nzuri ilitoka kwenye baraza kama hilo. Muulizeni alishonewa wapi, na nani, na kwa deni au taslimu.

Nina sababu ya kusisitiza hili. Majengo ya Jinja yameshaanza kuorodheshwa. Shirika la Cross-Cultural Foundation of Uganda limefanya kazi hiyo kwa majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja. Tunazo picha za kuta, tuna miaka, tuna majina ya walioweka majina yao juu ukutani, na familia nyingi za Kihindi zimeandika kumbukumbu zao huko waliko. Mteja hatuna kumbukumbu yake. Aliyekanyaga kizingiti kikalika hakuandikwa popote. Aliyebeba mchanga na kuchanganya zege, aliyeshona barazani, aliyekopa kilo ya sukari hadi mwisho wa mwezi, hao habari zao zimo vichwani mwa watu wa umri wa baba mkwe wako, na kila mwaka wanapungua. Kwa hiyo simu isiwe ya kupigia picha tu. Mwulize kama anaridhia, kisha washa kinasa sauti, uiweke mfukoni mwa shati lake, aendelee kusema akiwa anatembea. Msimkatize kumsahihisha tarehe. Akisema hapa palikuwa na duka la viatu, simameni, pigeni picha mahali hapo, mtaje jina la jengo linalosomeka leo ili sauti na mahali vikutane. Jioni nakilini kinasa hicho kwenye simu ya pili.

Nije kwenye swali la watoto.

Wataliuliza, kwa sababu wakisoma majina ya ukutani watataka kujua wenyewe wako wapi. Usiwaambie ni mambo ya siasa yaliyopita. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini, na muda waliopewa ulikuwa siku 90. Kwanza walilengwa wenye pasipoti za Uingereza na nchi nyingine, lakini hata waliokuwa raia wa Uganda wengi walijikuta uraia wao unakataliwa na wakaondoka. Walikuwa makumi ya maelfu. Wengi walikwenda Uingereza, wengine Kanada, India na kwingineko, na waliruhusiwa kuchukua kidogo sana. Jinja, ambayo ilikuwa na Wahindi wengi kwa kadiri ya ukubwa wake, ilibadilika katika wiki chache. Kwa mtoto wa miaka 9 hayo yanatosha, na mweleze kwa njia ya nyumba: watu waliokuwa wakiishi juu ya duka hili walifunga milango, wakaondoka na masanduku, na mtoto wa umri wako aliacha shule yake na rafiki zake. Wa miaka minne mpe chapati.

Wa miaka 13 anastahili zaidi ya hapo. Mwambie pia kwa nini kulikuwa na watu walioshangilia. Chini ya wakoloni mji uligawanywa kwa rangi: Wazungu walikaa upande wa bustani na upepo wa ziwa, Wahindi katikati mwa mji penye maduka, na Mwafrika akapangiwa mitaa ya wafanyakazi kama Walukuba. Mwafrika aliyetaka kufungua duka alikosa mkopo, akakosa wa kumuuzia jumla kwa bei nzuri, na kwenye pamba yeye alilima lakini kuchambua na kuuza nje kulikuwa mikononi mwa wengine. Ghasia za Buganda za mwaka 1949, moja ya madai yake ilikuwa hilo hilo, wakulima wachambue pamba yao wenyewe. Chuki ile ilikuwa na chanzo, na mwenye kuianzisha mipaka ile alikuwa serikali ya kikoloni. Na bado, kumfukuza mtu nchini alikozaliwa kwa sababu ya asili yake ni dhulma. Wahindi wengi wala hawakuwa matajiri. Walikuwa makarani, walimu, mafundi wa magari, wauza duka waliokuwa na madeni yao. Mtoto wa miaka 13 anaweza kuyabeba mambo haya mawili kwa pamoja. Nimewaona wanafunzi wa umri huo wakiyajadili barazani vizuri kuliko wazazi wao.

Kisha mwonyeshe kilichofuata, kwa sababu kimo kwenye kuta. Amin aliyaita mambo yale Vita vya Uchumi, na maduka yakagawiwa. Waliogawiwa ndio watu walioitwa mafuta mingi, neno ambalo Mzee atalicheka akilisikia. Baadhi walikuwa wafanyabiashara kweli, lakini wengi waliuza bidhaa zilizokuwamo dukani na hawakujua, au hawakuweza, kuleta nyingine. Rafu zikabaki tupu. Sukari ikaadimika katika nchi iliyokuwa ikiitengeneza kwa wingi. Majengo yakawa chini ya bodi ya serikali iliyosimamia mali za Waasia walioondoka, na mpangaji asiyejua mwenye nyumba ni nani, wala atakaa hadi lini, hatengenezi paa. Sheria ya kurudisha mali ilipitishwa mwaka 1982, ila urudishaji wenyewe ulishika kasi miaka ya 1990. Wengine walirudi wakaishi, wengine walirudishiwa wakauza au wakapangisha wakiwa hukohuko nje, na baadhi ya kesi zilivutana miaka mingi. Ndiyo maana mtakuta jumba moja limepakwa rangi vizuri, na la jirani lina mti ulioota juu ya ukuta wa mwaka na mizizi inaupasua. Mkubwa akiuliza kwa nini hakuna anayeukata mti ule, jibu ni historia yote hiyo.

Jambo la mwisho kuhusu 1972: hujui Mzee atasema nini. Huenda alimpoteza rafiki wa kazini. Huenda alifurahi siku ile. Huenda alipata kitu, au alipoteza kazi viwanda vilipolegea. Msimwekee jibu mdomoni mbele ya watoto, na akinyamaza, mwacheni anyamaze.

Mambo madogo niyapitie haraka. Picha za kuta za nje hazina shida, lakini mtu umwombe kwanza, hasa mafundi na wauzaji ambao wamechoka kupigwa picha kila siku. Bwawa na madaraja yanalindwa na askari. Simu ziwekeni chini mkipita. Chakula hakitawasumbua: rolex ya barabarani inawatosha watoto, na kumtazama mwenye kikaango akipiga mayai na nyanya na kabichi kwenye kikombe, kisha kufunika na chapati na kuiviringa, kwao ni burudani tosha. Mzee mtafutieni mkahawa wenye meza, chai ya maziwa na choo kinachofaa. Tumieni choo hapohapo mlipokula, kwa sababu kandokando ya mtaa havipatikani kirahisi.

Saa saba mtakuwa mmemaliza, na mto unaupata mumeo bila ugomvi. Bustani za Chanzo cha Nile zina kiingilio, na gari linafika karibu. Pale Mzee hana haja ya kutembea, kuna vivuli na viti. Watoto mwaonyesheni sanamu ya Gandhi, iliyozinduliwa mwaka 1997 na waziri mkuu wa India wa wakati huo, I. K. Gujral, kwa sababu sehemu ya majivu ya Gandhi ilitiwa majini hapo mwaka 1948. Baada ya asubuhi ya majina ya Kigujarati ukutani, sanamu ile haitakuwa kitu cha kigeni kwao. Ng'ambo ya mto, upande wa Njeru, kuna mnara wa Speke, Mwingereza aliyefika hapo mwezi Julai 1862 na kuyaita maporomoko yaliyokuwapo hapo Ripon. Wenyeji walikuwa wakiuita mto Kiyira muda mrefu kabla yake, na hilo pia walisikie. Maporomoko yenyewe hamtayaona, yalizama bwawa lilipojengwa. Mkipanda boti, kila mtoto avae jaketi la kujiokoa na kulifunga, si kulishika mkononi, na wa miaka minne akae kati ya watu wazima wawili. Mzee akisema hataki boti, abaki kivulini na mtu wa kukaa naye.

Kisha Walukuba. Hukuiuliza, lakini usiikose. Ni mwendo mfupi wa gari kutoka katikati ya mji, na ndiko alikokuwa akirudi kila jioni akitoka kiwandani. Mtaa ule ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi, nyumba ndogo zilizopangwa kwa mistari, na wapangaji wake walitoka kila upande: Busoga, West Nile, Acholi, Teso, Kenya na Kongo. Ndiyo maana Kiswahili kilishika pale na hadi leo utakisikia. Jirani na jirani walihitaji lugha ambayo si ya mmoja wao. Bila shaka ndicho Kiswahili alichowaletea ninyi Bombo. Watoto wameona asubuhi nyumba za waliouza. Hapa wataona nyumba ya aliyenunua. Endesheni taratibu, mkae kiti cha nyuma ninyi, yeye akae mbele na dereva, aseme kata huku, kata kule. Njia zimebadilika na nyumba nyingi zimeongezewa vyumba, kwa hiyo mpeni muda apotee kidogo na kujirudi. Kama kuna mzee mwenzake amekaa nje, simameni mumsalimie. Wazee wa Walukuba wanajuana kwa viwanda walivyofanyia kazi, na kutajwa kwa Nytil kunatosha kufungua mazungumzo. Kinasa sauti kiwe kimewashwa tangu mnapokunja kona ya kwanza.

Kurudi, muwe mmeondoka Jinja kabla ya saa kumi na moja, maana foleni ya Mukono jioni ya Jumamosi ni ndefu na mna mtoto mdogo. Mkiona siku imewabana, punguzeni muda wa mto. Wa Walukuba msiuguse.